Fangasi waletao maradhi kwa binadamu na namna wanavyozaana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kwa wanafunzi wa baiolojia, wauguzi, wafugaji wa njiwa na watu wanaoishi na VVU. Sehemu kubwa ya majibu inamhusu fangasi aitwaye Cryptococcus, kwa sababu ndiye anayeua watu wengi katika nchi zetu, na ndiye ambaye uzazi wake umechunguzwa kwa kina kuliko karibu fangasi wote wa maradhi.

Fangasi kuzaana kijinsia, maana yake ni ugonjwa wa zinaa?

Hapana. Swali hili hutangulia mengine karibu kila mara, na sababu inaeleweka: mitaani neno fangasi limeshikamana na muwasho wa sehemu za siri, hivyo likikaa karibu na neno "jinsia" akili hukimbilia huko. Tunachozungumzia hapa ni fangasi wenyewe kwa wenyewe. Seli mbili zinakutana, zinaungana, zinachanganya vinasaba vyao, na kizazi kinachotoka hakifanani kabisa na mzazi yeyote kati ya hao wawili. Tendo la ndoa la binadamu halimo.

Cryptococcus na Aspergillus huingia mwilini kwa hewa tunayovuta. Candida mara nyingi alikuwamo siku zote, mdomoni, utumboni au ukeni, akisubiri kinga ilegee. Na hili lishikwe vizuri na wanaouguza: homa ya uti wa mgongo inayoletwa na Cryptococcus haitoki kwa mgonjwa kwenda kwa mwingine. Mkae karibu naye, mlisheni, mshikeni mkono.

Kwani fangasi wana dume na jike?

Hawana kwa maana ya jogoo na tetea. Seli za pande mbili hufanana kwa umbo na ukubwa, na hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha kwa hadubini tu. Tofauti imejificha katika kipande kimoja cha DNA. Kwa Cryptococcus jinsi hizo mbili zinaitwa a na alfa, na kipande chenyewe ni kirefu ajabu: kina herufi za DNA zaidi ya 100,000 na jeni zaidi ya 20, wakati kwa hamira ya mkate kazi hiyo hufanywa na jeni chache tu.

Seli hutambuana kwa kemikali ziitwazo feromoni. Seli ya a inatoa yake, seli ya alfa inatoa yake, kila moja ikiwa na kipokezi cha ya mwenzake. Ya alfa ikinusa kwamba kuna a jirani, huchomoza mrija na kumwendea.

Ila sehemu kubwa ya maisha yao fangasi hawa hawahitaji mwenza. Cryptococcus huchipua: seli moja inatoa kichipukizi, kichipukizi kinakua, kinakatika, na sasa ziko mbili zenye vinasaba vilevile. Ndani ya mwili wa mgonjwa hivyo ndivyo wanavyoongezeka, mamilioni kwa mamilioni, bila harusi yoyote.

Basi kama wanaweza kuchipua, uzazi wa kijinsia una faida gani kwao?

Kuchipua ni njia ya haraka na ya uhakika pale mazingira yanapokuwa mazuri. Mambo yakibadilika, mathalani dawa mpya ikiingia, joto likipanda au chakula kikiisha, nakala elfu zinazofanana zinaweza kufa zote kwa pamoja. Kuchanganya vinasaba kunaleta watoto wa kila namna, na pengine mmoja wao ataweza kuvumilia kile kilichowaua wengine. Kwa Cryptococcus kuna faida ya pili ambayo kwa afya zetu ni nzito zaidi: mwisho wa tendo hilo ni spora.

Spora ni nini, na zinatuhusu vipi?

Seli za a na alfa zikiungana, haziwi seli moja ya kawaida. Hugeuka kuwa nyuzi ndefu zinazotambaa, kila chumba cha uzi kikibeba viini viwili bila kuviunganisha. Mwishoni ncha ya uzi huvimba kama kirungu. Humo viini viwili ndipo vinapoungana, vinasaba vinachanganywa na kugawanywa upya, na juu ya kirungu hicho huota minyororo minne ya spora.

Spora hizo ni ndogo kuliko mikromita 3 (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Zingatia ukubwa huo. Seli ya kawaida ya Cryptococcus yenye kapsuli nene, yaani gamba lake la nje, ni kubwa mno kufika kwa urahisi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali hewa inapokutana na damu. Spora inafika. Tena ni kavu, nyepesi, inapeperushwa na upepo na kustahimili ukame. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2009 yalithibitisha kwamba spora peke yake inatosha kuanzisha ugonjwa. Kwa hiyo uzazi wa fangasi huko nje, kwenye gome la mti, unaweza kuwa ndio mwanzo wa mtu kulazwa wodini baadaye.

Nani aligundua kwamba Cryptococcus ana jinsi mbili?

Fangasi mwenyewe alijulikana tangu 1894. Mwaka huo madaktari wa Ujerumani, Busse na Buschke, walimtoa kwenye mfupa wa mgonjwa, na huko Italia Sanfelice akamkuta kwenye juisi ya matunda. Miaka ya 1950 Chester Emmons wa Marekani alimpata kwenye udongo, kisha kwenye kinyesi cha njiwa. Lakini kwa miaka 80 aliaminika kuwa ni wa kuchipua tu.

Mwaka 1975 June Kwon-Chung, mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliwakutanisha fangasi kutoka vyanzo tofauti hadi wakapandana na kutoa spora. Mwaka 1978, yeye na mwenzake Bennett walihesabu jinsi za fangasi waliokusanywa, na hapo ndipo fumbo lilipoanza. Walitarajia nusu kwa nusu. Wakakuta alfa wanawazidi a mara 30 kwa waliotoka kwa wagonjwa, na mara 40 kwa waliotoka kwenye mazingira.

Kama a ni wachache kiasi hicho, alfa wanampata wapi mwenza?

Hapa ndipo somo hili linaponogea. Kwa aina ya A ya Cryptococcus (herufi kubwa, si jinsi ya a), ambayo ndiyo inayosababisha ugonjwa mwingi duniani, a hawakuonekana kabisa kwa miaka mingi. Wataalamu walianza kusema wametoweka.

Mwaka 2000 kundi la Joseph Heitman wa Chuo Kikuu cha Duke likatangaza kwamba limempata mmoja. Alitoka kwa mgonjwa wa Tanzania. Kila nikifundisha sehemu hii nasimama kidogo hapa, kwa sababu nataka wanafunzi walione jambo lenyewe: sampuli ya mgonjwa mmoja wa kwetu ndiyo iliyofuta wazo kwamba nusu ya jamii ya kiumbe hiki imekwisha. Muda mfupi baadaye a wengine wa aina hiyo, wenye uwezo wa kuzaa, walipatikana Botswana, na vinasaba vyao vilionyesha mchanganyiko wa kweli wa wazazi wawili. Baadaye fangasi hao walikutwa pia kwenye miti ya mopane. Leo kusini mwa Afrika panatazamwa kama chimbuko la aina hii, na tawi lake moja ndilo lililosambaa zaidi duniani, inaaminika kwa msaada wa njiwa.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2005. Xiaorong Lin, Christina Hull na Heitman walionyesha kwamba alfa wanaweza kuzaana na alfa wenzao. Seli mbili za jinsi moja zinaungana, au seli moja inajirudufia vinasaba vyake, kisha zinapita njia ileile hadi kwenye spora. Basi uhaba wa a haukuwazuia alfa kutoa spora.

Je, alfa ni mkali zaidi ya a?

Inategemea aina. Mwaka 1992 Kwon-Chung na wenzake walitengeneza jozi ya aina nyingine ya Cryptococcus, aina ya D, inayofanana kwa kila kitu isipokuwa jinsi, wakawaambukiza panya. Wa alfa waliua haraka zaidi. Wengi walidhani mjadala umefungwa. Ilipotengenezwa jozi ya aina ya A, yule a wa Tanzania akitumika kama mbegu, kila jinsi ikipewa panya wake, ukali ulikuwa sawa.

Zilipowekwa pamoja katika panya mmoja matokeo yakabadilika: alfa waliingia ubongoni kwa wingi kuliko a. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni ya kuvutia. Kwenye mapafu baadhi ya seli za Cryptococcus huvimba na kuwa majitu yenye upana wa hadi mikromita 100, yakiwa na nakala nyingi za vinasaba. Seli zetu za ulinzi haziwezi kumeza kitu cha ukubwa huo. Seli za a zikinusa feromoni ya alfa, nyingi zaidi hugeuka majitu, na jitu haliwezi kusafiri kwenda ubongoni. Alfa wanabaki wadogo na kupita.

Kwa hiyo wanapandana ndani ya mwili wa mgonjwa?

Cryptococcus, hapana. Kupandana kwake kunataka ubaridi wa nyuzi 22 hadi 25, ukavu na giza. Joto la 37 la mwili linauzima mwendo huo. Maabara hutumia chakula kilichotengenezwa kwa juisi ya mboga, na hata kinyesi cha njiwa kimethibitika kuwa kitanda kizuri. Ndani ya mwili feromoni zinaweza kusikika kama nilivyoeleza, ila minyororo ya spora haioti humo.

Kuna fangasi mwingine ambaye ni kinyume chake kabisa, Pneumocystis jirovecii. Huyu ndiye aliyeleta nimonia kwa vijana watano wa Los Angeles walioandikwa kwenye taarifa ya tarehe 5 Juni 1981, taarifa iliyofungua historia ya UKIMWI. Haishi kwenye udongo wala kwenye miti. Maisha yake ni mapafu ya binadamu, na uzazi wake wa kijinsia hufanyika humohumo. Kila seli yake inabeba vinasaba vya pande zote mbili, hivyo haihitaji kutafuta mwenza. Matokeo ya uzazi huo ni vifuko vyenye spora nane kila kimoja, na vifuko hivyo ndivyo vinavyoruka kwa hewa kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Dawa za kundi la ekinokandini huzuia vifuko visitengenezwe lakini hazimalizi seli nyingine zilizobaki, ndiyo maana tiba ya kawaida bado ni kotrimoksazoli, inayojulikana na wengi kwa jina la Septrin.

Kisa cha kisiwa cha Vancouver ni kipi?

Ndugu yake Cryptococcus neoformans anaitwa Cryptococcus gattii. Alihesabiwa kuwa wa nchi za joto, na Australia alikuwa amehusishwa na mikaratusi. Kuanzia 1999 watu na wanyama wakaanza kuugua kwenye kisiwa cha Vancouver, magharibi mwa Kanada, kwenye misitu ya miti ya baridi. Hadi 2007 zaidi ya watu 200 walikuwa wamethibitika katika jimbo hilo, wengi wao wakiwa na kinga nzima. Mbwa, paka, hata pomboo walikufa. Baadaye ugonjwa ukavuka mpaka kuingia Marekani, na jimbo la Oregon likapata aina yake yenyewe.

Fangasi wa mlipuko huo walikuwa alfa watupu. Mwaka 2005 James Fraser na wenzake walilinganisha vinasaba na kupendekeza kwamba aina kali iliyotawala kisiwani ilizaliwa kwa alfa kupandana na alfa. Tangu hapo uzazi wa jinsi moja umeacha kuwa kioja cha maabara na umeingia kwenye mazungumzo ya afya ya jamii.

Nafuga njiwa. Niwauze?

Hapana, kama wewe na wa nyumbani kwako mna afya njema. Njiwa mwenyewe haugui kwa kawaida kwa sababu joto la mwili wake liko juu mno kwa fangasi huyu. Tatizo ni kinyesi kikavu kilichorundikana. Kimwagie maji kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, funika pua na mdomo, na kazi hiyo asifanye mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake (seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) ziko chini, wala aliyepandikizwa kiungo, wala anayetumia steroidi kwa muda mrefu. Wengi wetu tumeshavuta fangasi hawa tangu utotoni na kinga ikawadhibiti.

Na Candida, yule wa utando mweupe mdomoni na muwasho ukeni?

Candida albicans alidhaniwa hana uzazi wa kijinsia hata kidogo. Mwaka 1999 Hull na Johnson waligundua kwenye vinasaba vyake eneo la jinsi, likiwa zima na linafanya kazi, na mwaka uliofuata makundi mawili yakafanikiwa kumpandanisha.

Njia yake ni ya kuzunguka mno. Candida wengi wanabeba jinsi zote mbili kwa pamoja, na hali hiyo inawazuia kupandana. Kwanza lazima apoteze moja. Pili lazima abadili umbo, kutoka seli nyeupe za mviringo kwenda seli ndefu za rangi iliyofifia, ambazo hupandana kwa ufanisi mara milioni zaidi ya nyeupe. Baada ya kuungana, badala ya kugawanya vinasaba kwa utaratibu, hupoteza kromosomu moja moja ovyoovyo hadi arudi idadi ya kawaida. Watoto wanaotoka hapo ni wa kila aina, na baadhi wanastahimili dawa kuliko wazazi.

Kwa mama mwenye muwasho haya hayabadilishi matibabu. Muwasho wake kwa kawaida umeletwa na antibayotiki, ujauzito au kisukari kisichodhibitiwa. Ukimrudia mara kwa mara apimwe sukari, asiishie kununua dawa ileile dukani kila mwezi.

Uzazi huu unahusika na usugu wa dawa?

Kwa Aspergillus fumigatus, ndiyo, na hili linanitia wasiwasi. Alielezwa kitaalamu mwaka 1863, na uzazi wake wa kijinsia haukuonekana hadi 2009, pale O'Gorman, Fuller na Dyer walipowaweka pamoja fangasi waliotoka Dublin, juu ya chakula cha oti, gizani, kwa nyuzi 30, wakasubiri miezi sita. Hakuna aliyekuwa na subira hiyo kabla yao.

Wakulima hupulizia mazao dawa za kuua ukungu za kundi la azoli, na dawa za hospitali za fangasi huyu ni za kundi hilohilo. Fangasi aliyezoea dawa ya shambani anaingia kwenye mapafu ya mgonjwa akiwa tayari ni sugu. Uholanzi usugu huo ulienea mapema, na marundo ya mboji huko yanashukiwa kuwa mahali fangasi sugu wanapokutana na kuunganisha mabadiliko yao ya jeni. Mwaka 2014 Aspergillus sugu waliripotiwa pia kwenye udongo wa Tanzania. Tunapopulizia mashamba ya maua na mboga tunagusa dawa za wodini, na sioni mjadala wa kutosha kuhusu jambo hili katika nchi zetu.

Fangasi wa miguuni na kucha je?

Trichophyton rubrum, anayesumbua wengi katikati ya vidole, karibu wote duniani ni wa jinsi moja. Mwenza hayupo, anaenea kama nakala, kwa sakafu za bafu na taulo za kuazimana.

Ninaishi na VVU. Nifanye nini kuhusu Cryptococcus?

Uliza kuhusu CD4 zako. Zikiwa chini ya 100, Shirika la Afya Duniani linaelekeza upimwe damu kwa kipimo cha haraka cha antijeni ya Cryptococcus, yaani alama za fangasi huyo kwenye damu, na kipimo kinaweza kufikiriwa hata zikiwa chini ya 200. Kinatumia tone la damu na kijiti kama kile cha malaria, na kinaweza kumwona fangasi wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Aliyebainika mapema, na maji ya mgongo yakathibitisha kwamba ubongo haujaguswa, anapewa flukonazoli na kuepushwa na janga. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba kipimo hiki, pamoja na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo za ARV, vilipunguza vifo kwa asilimia 28.

Dalili ni kichwa kuuma kwa siku nyingi bila kusikia dawa, homa, kutapika, shingo kukaza, kuona mambo mawili mawili, kuchanganyikiwa. Usikubali kutibiwa malaria mara tatu. Na usiogope kuchomwa mgongoni: maji yale yakitolewa kichwa hupata nafuu, kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu ni presha ndani ya fuvu. Uvumi kwamba sindano hiyo inaua umepoteza ndugu zetu wengi waliofika wakiwa wamechelewa na kukataa matibabu.

Makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa wapya 152,000 duniani na vifo 112,000, karibu kifo kimoja katika kila vitano vinavyotokana na UKIMWI. Tiba imekuwa nyepesi kuliko zamani: jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, matokeo yake yakitoka 2022, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli, inatosha badala ya drip za wiki nzima. Ambaye hajaanza ARV husubirishwa wiki nne hadi sita kwanza; kuanza mapema kwa ugonjwa huu kunaongeza vifo.

Mbona majibu ya maabara hayaandiki kama fangasi wangu ni a au alfa?

Kwa sababu dawa ni zilezile kwa wote wawili, na daktari hahitaji kujua ili akutibu. Anayehitaji ni mtafiti. Ukiombwa ridhaa ili fangasi waliotoka kwenye maji yako ya mgongo wahifadhiwe kwa uchunguzi, soma fomu, uliza maswali, na ukiridhika, kubali. Yule wa Tanzania aliyepatikana mwaka 2000 alikuwa kwenye chupa ya namna hiyo.